Grafu ya Ng'ombe Iliyosimama Badala ya Kulala

Nyumbani kwa Andongwisye,
Juu ya kanisa,
Ibaba, Ileje.

Kwa Mzee Luhende,
Bondeni, Momba.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU UKURASA WA GRAFU YENU, NA KUSITISHWA KWA MUDA KWA POSA YA JOSEPHAT NA DINA

Mheshimiwa mkwe mtarajiwa,

Salamu za heshima zikufikie huko bondeni kwenye joto. Sisi huku milimani ni wazima. Ukungu unatushukia kila asubuhi kama kawaida yake, na maharage mwaka huu yamekubali. Natumaini nanyi ni wazima pamoja na mifugo, ingawa kuhusu mifugo tuna mashaka makubwa, na mashaka hayo ndiyo yaliyonitoa shambani nikakaa kuandika.

Kwa kuwa hatujaonana ana kwa ana, najitambulisha. Mimi ni Andongwisye, baba mkubwa wa Dina, kaka yake Ambwene aliyemzaa. Katika ukoo wetu mzazi wa binti hasemi kitu siku ya posa. Anakaa kwenye kona, anakunywa chai, na anayesema ni baba mkubwa. Nimeshasema katika posa za mabinti wote wa ukoo huu, na hakuna ndoa hata moja iliyovunjika kwa sababu ya maneno yangu. Hii ya kwenu inaelekea kuvunjika kwa sababu ya karatasi yenu.

Nikukumbushe tulikotoka. Wajumbe wenu walipokuja mara ya kwanza, tuliwauliza swali moja tu. Hatukuuliza mna ng'ombe wangapi, maana swali hilo ni la watu wenye tamaa. Tuliuliza kama boma lenu linapanda au linashuka. Binti yetu anatoka kwenye kahawa na viazi, anakwenda kwenye vumbi na maziwa ya mgando, na kabla hajafunga mizigo tulitaka kujua kama anakwenda kwenye boma linalokua au kwenye boma linalojiandaa kuhama. Mshenga wenu, Bwana Wilbard, alijibu kwa adabu kwamba ng'ombe hawawezi kupandishwa Ibaba wakaguliwe, kwa sababu watachoka njiani na nyasi zetu hawazijui, lakini ataleta kitu cha kitaalamu kitakachoonyesha hali ya boma kwa miaka kumi. Tukakubali. Sisi si watu wa kupinga utaalamu.

Kitu hicho kilifika Jumamosi, kimechapwa kwenye steshenari moja ya mjini Mpemba na kufungwa ndani ya khanga. Kilikuwa grafu. Na malalamiko yangu yanaanzia hapo. Nimeyapanga kwa namba ili uweze kuyajibu moja baada ya jingine bila kuruka.

1. Grafu ilikuja imesimama.

Naomba nieleweke vizuri, maana hata hapa kwetu wapo ambao hawajanielewa. Karatasi ilikuwa imesimama wima kama karatasi ya mtihani, lakini grafu iliyomo ndani yake ilikuwa imelala ubavu. Miaka, ambayo kwa kawaida hutembea kutoka kushoto kwenda kulia, ilikuwa inateremka kutoka juu kwenda chini. Idadi ya ng'ombe, ambayo ilitakiwa kupanda, ilikuwa inakwenda zake kulia. Maandishi yalishuka kandokando kama maji ya mvua. Na mstari mwekundu, ule wa boma lenu wenyewe, ulianzia juu kushoto ukateremka mpaka chini kulia bila aibu yoyote. Kila aliyeuona kwa mara ya kwanza alisema ng'ombe wa Mzee Luhende wanakwisha.

Bwana Wilbard alijitahidi kueleza. Alisema grafu ilihifadhiwa kama PDF, na kwamba PDF ikishahifadhiwa imesimama, basi imesimama, hata mwenye steshenari akiibembeleza. Nilimuuliza ni nani aliyeihifadhi namna hiyo. Akatazama dari kwa muda, akasema ni mtaalamu fulani tu. Sikumbana zaidi, kwa sababu mshenga ni mgeni. Katika barua hii nitamwita mtu huyo mtaalamu wenu.

2. Kitu cha mkwe hakigeuzwi.

Najua sasa hivi unajiuliza kwa nini hatukuigeuza karatasi mambo yakaisha. Pengine huko kwenu mnageuza. Kwetu, kitu kilicholetwa na wakwe hupokelewa kwa mikono miwili na hukaa kama kilivyowekwa mpaka posa imalizike. Mkileta kuku hatumpindui kumtazama kifua. Mkileta kikapu hatukiinui kuona kimesukwaje chini. Kugeuza kitu cha mkwe ni kumwambia mkwe kwamba unatafuta kasoro yake, na sisi tulikuwa hatujafika huko.

Bwana Wilbard aliiweka grafu juu ya kitambaa cha meza, kichwa cha karatasi kikielekea dirishani, na hapo ndipo ilipo mpaka sasa ninapoandika. Tunakunywa chai pembeni yake. Paka alitaka kuikalia, tukamwondoa kwa heshima. Na usiniambie kwamba tungezunguka meza. Upande ambao mtu angesimama akaiona grafu sawasawa ni upande wa kushoto, na upande wa kushoto lipo kabati la vyombo la mke wangu Enesi. Kabati hilo halijasogezwa tangu tuoane, na mimi si mtu wa kuanzisha vita nyumbani kwa ajili ya takwimu.

3. Madhara ya shingo.

Kwa kuwa karatasi haikugeuzika, tuligeuza shingo. Wajumbe wa kikao walipita mezani mmoja mmoja, wakalaza kichwa kwenye bega la kulia, wakatazama. Waliolaza vizuri waliona mstari unapanda. Lakini mkwe, wajumbe wetu wengi ni wazee, na shingo zao zimebeba ndizi na kuni miaka mingi. Wasioweza kulaza kichwa waliona mstari unashuka, na hawakuwa waongo.

Dada yetu Jenista yeye alilaza kichwa upande wa kushoto, kwa sababu bega la kulia lilikuwa na mjukuu amelala. Kwa upande huo aliona mstari unapanda, ila maandishi yote miguu juu na miaka inarudi nyuma. Akatangaza mbele ya wote kwamba boma la Mzee Luhende linaongezeka ng'ombe kadiri tunavyorudi zamani, kwa hiyo yeye hana pingamizi Dina aolewe, ila angeolewa miaka kumi iliyopita. Dina miaka kumi iliyopita alikuwa shule ya msingi. Hoja hiyo iliandikwa kwenye muhtasari kwa sababu Jenista ni mjumbe halali.

Kikao kikagawanyika pande mbili: wenye shingo na wasio na shingo. Tangu enzi za baba yetu hatujawahi kugawanyika. Tuliwahi kutofautiana kuhusu mpaka wa shamba, tukatofautiana kuhusu kwaya, lakini siku zote tulikuwa tunatofautiana tukiwa tunaangalia kitu kimoja.

Na sijamaliza. Mzee Zebedayo, ambaye ndiye mkubwa wetu sote, alilaza kichwa, akaona, akaridhika, ila shingo haikurudi. Jumapili alikwenda kanisani hivyo hivyo. Mchungaji akahubiri akimtazama, kila akisema neno anaona mzee wa kanisa amelaza kichwa kama anayesikiliza habari asiyoiamini. Mwishowe alikatisha mahubiri akamuuliza kama kuna jambo hakubaliani nalo. Zebedayo alijaribu kutikisa kichwa kusema hapana, lakini kwa jinsi kilivyokaa, kikaonekana kinasema ndiyo. Sasa kuna barua nyingine inaandikwa, ya kanisa, ambayo haikuhusu wewe moja kwa moja ila chanzo chake unakijua.

4. Simu nayo haikutusaidia.

Bwana Wilbard alipoona hali inakuwa mbaya, alituma faili lile lile kwenye simu ya Ambwene. Simu ni ya Ambwene, si ya mkwe, kwa hiyo kuigeuza ni ruhusa. Akaigeuza. Grafu nayo ikageuka. Akairudisha, nayo ikarudi. Kila alipoilaza simu, ukurasa ulijisimamisha wenyewe na grafu ikabaki ubavu, kama mtu anayekuamkia huku amekupa mgongo. Tuliizungusha simu ile mpaka chai ikapoa.

Mwishowe Ambwene alijiongeza. Akalala kwenye benchi kwa ubavu wa kulia, simu mbele ya uso, na hapo kweli mstari ukapanda. Niliona kwenye uso wake kwamba umepanda. Lakini nakukumbusha kwamba mzazi wa binti haruhusiwi kusema. Kwa hiyo alibaki amelala pale anatabasamu peke yake, sisi tunabishana juu yake, na Bwana Wilbard akaondoka akiamini baba wa binti ameugua ghafla. Kama amekupa taarifa hiyo, ifute. Ambwene ni mzima, ila alikuwa anasoma.

Wengine tulishindwa kulala. Si kwamba hatuwezi, ila haipendezi mbele ya mshenga ukoo mzima ujilaze kwenye mabenchi.

5. Msiba wa ng'ombe walio hai.

Hili ndilo linaloniumiza zaidi. Wale walioona mstari unashuka walirudi makwao, na kila mmoja ana mke, na kila mke ana jirani. Mpaka Jumatatu habari zilikuwa zimeshateremka hadi sokoni kwamba wakwe wa Ambwene wamepatwa na janga, ng'ombe wameisha. Jumanne watu wakaanza kuja kutoa pole.

Walikuja na maharage, unga na kuni. Wanawake wakatandika mikeka. Nilisimama nikawaeleza kwamba hakuna aliyekufa, ni grafu tu. Mama mmoja mtu mzima akanishika mkono, akaniambia nisijikaze sana, kila mtu ana namna yake ya kupokea msiba. Kwaya ikaimba nyimbo tatu. Ng'ombe wako, mkwe, ambao najua wakati ule walikuwa wanakula nyasi huko bondeni bila habari, wameliliwa Ibaba na kuombewa, na mmoja wa wazungumzaji alisema walikuwa ng'ombe wa watu.

Sasa tuna tatizo ambalo sijui linatatuliwaje. Maharage ya pole yameliwa. Kwa desturi, anayekuja kukupa pole nawe utampelekea siku yake ikifika. Lakini hatuwezi kubaki na pole ya msiba ambao haukutokea, na hatuwezi kuirudisha bila msiba. Kwa haki kabisa ingebidi ng'ombe hao wafe ili mambo yakae sawa, jambo ambalo sisi kama wakwe hatulitaki na tunaomba lisichukuliwe kama ushauri.

Dina mwenyewe alikaa mkekani katikati ya wale wanawake, anapewa pole na kila anayeingia, akazipokea zote. Macho yalikuwa yamemvimba. Nilidhani analilia ng'ombe, nikaona binti ana moyo mzuri. Chakula hakula siku ile wala siku iliyofuata. Mama yake aliniambia binti anaogopa mwanao Josephat atakata tamaa na sisi atafute kwingine. Nami nikaona kwamba kweli, mkwe, kuna mtu mmoja anayeumia hapa kuliko shingo ya Zebedayo, na mtu huyo ni mtoto wetu. Ndiyo maana nimeona nisinyamaze, nimtafute mwenye kosa.

6. Malezi ya mtaalamu wenu.

Mwenye kosa ni mtaalamu wenu. Nimelifikiria jambo hili kwa utulivu nikiwa napalilia, na kila nikifika mwisho wa mstari narudi kwake.

Kila kitu duniani kina namna yake ya kukaa. Jembe huegemezwa, mkeka hulazwa, mtungi husimamishwa. Mtoto wa kwetu anayajua haya kabla hajajua kusoma. Mtu mzima anayechora kitu kilicholala, halafu akakihifadhi kwenye ukurasa uliosimama, akafunga kompyuta na kwenda zake bila kutazama kitatokaje, huyo hakufundishwa nyumbani. Na nyumbani simlaumu mama wala baba. Mzazi ana mambo mengi. Kazi ya kumnyoosha mtoto ni ya baba mkubwa, na ndiyo maana Mungu akamtanguliza kuzaliwa. Nauliza bila kuficha: mtaalamu wenu alipokuwa anakua, baba yake mkubwa alikuwa wapi? Siku nikikutana naye nitamwambia usoni kwamba ameshindwa kazi, na kama ana haya, aache kukaa mbele kwenye vikao.

Nitoe mfano ulio hai. Dina wetu anafanya kazi ya takwimu kwenye ofisi moja kule Vwawa. Anashinda na grafu kutwa nzima. Sijawahi kusikia kwamba amesimamisha kilichotakiwa kulala. Mambo hayo nilimfundisha mimi mwenyewe, akiwa mdogo, kwa kutumia ufagio. Mtaalamu wenu angekuja akakaa na Dina hata wiki moja, angerudi kwenu mtu mwingine kabisa.

7. Hatari inayokuja.

Anayeshindwa kulaza ukurasa atawezaje kulaza mtoto? Hili swali nimewauliza wajumbe wote, na sasa nakuuliza wewe. Mtu wa namna hii akiachwa karibu na ndoa hii, kitanda kitasimamishwa ukutani, mlango utalazwa chini, na maziwa yatagandishwa kwenye kibuyu kilichopinduliwa. Leo ni grafu. Kesho ni cheti cha ndoa, kitoke na bwana harusi amelala kifudifudi. Keshokutwa ni cheti cha mtoto, na mtoto huyo atakua akijua kwamba baba mkubwa wa mama yake alikuwepo na hakusema kitu. Mimi nimesema.

Kwa hiyo kikao, kwa kauli ya wenye shingo na wasio na shingo kwa pamoja, kimeazimia kusitisha posa mpaka mtimize mojawapo kati ya (a) na (b), na kwa vyovyote vile mtimize (c).

(a) Grafu iletwe upya ikiwa imelala, ikiletwa na mtaalamu wenu mwenyewe, naye asimame mbele ya kikao na kuomba radhi. Narudia ili pasitokee makosa mengine: mtaalamu asimame, grafu ilale.

(b) Mkishindwa, waleteni ng'ombe wenyewe. Mkabala na kanisa letu kuna kilima kinachopanda taratibu kutoka kushoto kwenda kulia. Ng'ombe wapangwe juu yake kwa miaka, wa mwaka wa kwanza wakiwa chini na wa mwaka huu juu kabisa. Kwa ule mwaka wa ukame ambao mstari wenu umebonyea, tutawachimbia ng'ombe wa mwaka huo kishimo kidogo wasimame humo. Wajumbe watakaa mlangoni pa kanisa na kutazama mbele, bila mtu kulaza shingo. Kilima hicho hakijawahi kugeuka na hakihifadhiwi kama PDF. Tunaomba tu ng'ombe wasiojulikana mwaka wao wasiletwe, watatuchanganya.

(c) Mtaalamu wenu asihudhurie harusi. Asiguse kadi za mwaliko, asiguse orodha ya wageni, na asikae karibu na mpiga picha. Akionekana ukumbini, nitamtoa mimi mwenyewe kwa mkono.

Ili nanyi muone tofauti, barua hii nimeiandika kwa kalamu na kumpa Dina aichape kwenye kompyuta yake. Anachapa sasa hivi nikiwa nimekaa nyuma yake. Alipofika kwenye namba ya sita aliacha, akatoka nje kidogo, akarudi akaendelea. Nadhani maneno yalimgusa. Mtaona jinsi kazi ya mtu aliyelelewa inavyokaa kwenye ukurasa.

Nifikishie salamu kwa mkeo, Mama Nyanzobe, mwambie viazi vyake nimevitenga. Msalimu Josephat, ambaye hatuna ugomvi naye, tunagombana na karatasi tu. Msalimu Bwana Wilbard na umwambie kikombe alichosahau kiko salama. Wasalimu vijana wa machungani, majirani wote wa bondeni, na ng'ombe, hao walio hai kwenu na marehemu kwetu.

Mimi ninayetamani kukuita mkwe bila lile neno la mtarajiwa,

Andongwisye
Msemaji wa ukoo
(Pamoja na saini za wajumbe. Saini ya Mzee Zebedayo inapanda ukingoni kwa sababu ya shingo.)

Nyongeza, kwa mkono wangu mwenyewe:

Mkwe, barua ilikuwa imeshachapwa, imeshasainiwa, na mwenye pikipiki anasubiri nje. Nilikuwa namshukuru Dina kwa kazi nzuri ndipo aliponiambia kwamba grafu ile aliihifadhi yeye.

Josephat alimtajia idadi za ng'ombe kwa simu, mwaka mmoja mmoja, naye akazichora. Bwana Wilbard alijua, na alitazama dari kwa kumwonea huruma. Dina amenieleza kosa lenyewe mpaka nimelielewa. Programu ile unaiambia picha iwe na upana gani na urefu gani, nayo inakubali, ila karatasi ina neno lake la peke yake la kuiambia ilale. Usipolisema neno hilo, inaisimamisha karatasi na kuiegemeza grafu ubavu ili itoshe. Analijua neno hilo vizuri, analitumia kila siku kazini. Siku ile hakulisema kwa sababu alikuwa bado anaongea na Josephat kwenye simu, na nasikia hawakuwa wanaongea habari za ng'ombe tena. Alitaka tu tuone kwamba boma linapanda. Alitaka tumruhusu. Na mimi nimemkalisha kwenye kiti nikamchapisha matusi yake mwenyewe kwa namba.

Nimeumia, mkwe. Naomba namba ya sita yote ifutwe, hasa pale nilipouliza baba mkubwa wa mtaalamu alikuwa wapi. Alikuwepo. Mfano wa ufagio nao ufutwe. Kipengele (c) kifutwe, maana nikimtoa mtaalamu huyo ukumbini kwa mkono, Josephat atabaki anafunga ndoa na mchungaji. Namba ya saba sijui niifanyeje, ila mjue Dina analaza watoto vizuri sana, hata yule mjukuu wa Jenista yeye ndiye aliyemlaza.

Dina aliyasema hayo wote tukiwepo. Ambwene haruhusiwi kusema, na hakusema. Aliinuka kwenye kona yake, akaenda mezani, akaishika grafu kwa mikono miwili na kuigeuza. Enesi alipoona hivyo alisema basi na kabati nalo lisogezwe, kwa kuwa siku ya kuvunja miiko imefika, na tukalisogeza. Mstari unapanda, mkwe. Umebonyea ule mwaka wa ukame, halafu umepanda mpaka unakaribia kutoka nje ya karatasi. Sote tumeuona, isipokuwa Mzee Zebedayo, ambaye sasa ndiye peke yake anayesema unashuka, kwa sababu shingo yake bado haijarudi.

Ningeichana barua hii niandike nyingine, lakini Dina amefunga kompyuta na anasema hachapi neno jingine la ukoo huu mpaka aolewe. Kwa hiyo mtumeni Bwana Wilbard, aje na Josephat, na ng'ombe wabaki huko huko waendelee kula.

Jambo la mwisho. Barua imetoka kwenye mashine imelala. Sijui kama Dina alisahau kurudisha lile neno mahali pake au hakusahau, na sijathubutu kumuuliza. Nyongeza hii mimi nimeiandika karatasi ikiwa imesimama, kwa sababu ndivyo nilivyozoea. Kwa hiyo kama umeweza kufika hapa, basi umeshaigeuza karatasi ya mkwe wako, nasi tumeshaigeuza ya kwako, na nyumba zote mbili bado zimesimama.